Koti Alilovaa Mama Kwenda Kuposa

Mama yangu alikuwa na mume mmoja na mke mmoja, na wote wawili aliwazika yeye mwenyewe. Kwetu Butiama hakuna anayeshtuka akisikia maneno hayo. Mimi niliyaonea haya kwa zaidi ya miaka thelathini, na haya hiyo ndiyo iliyonipotezea Mama akiwa bado hai.

Nieleze kwa wasio wa mkoa wa Mara. Mume wa Mama alikufa bila kumwachia mtoto. Mama alibaki na boma, shamba na ng'ombe, na shemeji zake walikuwa wameshaanza kupita pale jioni wakitazama mipaka. Akafanya kama walivyofanya wanawake wengine wa kwetu waliokosa mtoto. Aliposa msichana, akatoa mahari, akamleta nyumbani awe mke wa nyumba ile. Nyumba ya namna hiyo tunaiita nyumba ntobhu. Msichana huyo ndiye aliyenizaa, kwa mwanamume ambaye Mama alimkubali kisha akamruhusu aende zake. Mtoto anayezaliwa hivyo ni wa mwenye nyumba, na anabeba jina la marehemu. Aliyenizaa alifariki kabla sijaanza shule. Kwa hiyo nikiandika "Mama", namaanisha yule aliyeposa. Mwingine simkumbuki hata sura.

Mama alikuwa mtu wa mzaha tangu anapofungua mlango asubuhi. Aliwatania kuku, aliwatania shemeji zake, alimtania padri usoni. Lakini mzaha wake mkubwa ulikuwa sisi wenyewe, nyumba yetu na namna ilivyopatikana. Alisimulia siku ya posa hata kwa mtu aliyekuja kuazima jembe tu. Siku hiyo alivaa koti la marehemu, koti refu la kaki ambalo marehemu alipewa na Mzungu wa mgodi wa dhahabu. Lilimfika kwenye vifundo vya miguu. Akaongozana na wazee wawili wa ukoo mpaka kwa wazazi wa msichana.

"Mkwe wangu akanitazama juu mpaka chini," alisemaga. "Akauliza, huyu bwana harusi mbona hana ndevu? Nikamwambia, mzee, ndevu zangu nimeziacha zinakunywa maji mtoni, zitafika sasa hivi."

Na kweli ng'ombe wakafika. Kila mara alianza kucheka kabla hajafika kwenye maji ya mtoni, akajifuta macho kwa kiganja, halafu akaongeza la pili: kwamba yeye ndiye mume pekee Butiama nzima ambaye hajawahi kumpiga mkewe. Kuhusu mwanamume aliyemzalisha mkewe, alisema alimkagua meno kama mtu anayechagua dume la mbegu, akamwona mzuri kila mahali isipokuwa masikio. "Na wewe, baba, katika mali yote ile ukachagua masikio."

Nilipokuwa mdogo nilicheka pamoja naye. Nilipofaulu kwenda sekondari Musoma nikaacha. Shuleni tulipewa fomu, na palikuwa na mahali pa kuandika baba yupo hai au amefariki, na kama amefariki, lini. Baba niliyekuwa na jina lake alikufa miaka sita kabla sijazaliwa. Sikuweza kuandika hivyo mbele ya mvulana wa jirani aliyekuwa akichungulia karatasi yangu. Nikamsogeza marehemu mbele. Nikaandika kwamba alikufa nikiwa darasa la sita, kwa homa. Niliona ni jambo dogo, na kwa kuwa liliandikwa kwa wino likaanza kunifuata: kwenye fomu ya kazi, kwenye cheti cha ndoa, kila mahali nilikuwa na baba aliyekufa kwa homa.

Mama aligundua mapema. Alikuja shuleni kuniletea karanga, na mwalimu mkuu akamshika mkono kwa mikono miwili akampa pole ya kufiwa na mume, akisema msiba wa karibuni huwa mzito. Mama hakujua kusoma, lakini alielewa papo hapo. Alinisimulia baadaye tukiwa chini ya ukuta wa bweni. "Nikamwambia, asante mwalimu, tumeshaanza kuzoea." Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilimwambia aende, lori litamwacha.

Nikaajiriwa ofisi ya ugavi mjini, nikaoa binti wa rasi ya Musoma, wa watu wa samaki, tukapanga nyumba mtaa wa Mukendo. Kisha ikaja miaka ile ya shida. Vijana wa leo wakisikia kwamba watu walipanga foleni kwa kipande cha sabuni wanadhani tunatia chumvi. Mimi ndiye niliyekuwa naandika vibali. Sukari, sabuni, vitenge, vyote vilipita chini ya kalamu yangu, na watu wazima walinisalimu kwa unyenyekevu ambao sikuustahili. Nikiri pia kwamba si kila mche wa sabuni ulifika ulikoandikiwa. Nilikuwa mtu mdogo mwenye muhuri, na nilijiona mkubwa.

Pamoja na muhuri huo, nyumbani tulikula kwa mikono ya Mama. Kila baada ya wiki tatu au nne alisimama barabarani kule Butiama mpaka lori la pamba limchukue, akashuka Musoma na gunia la ulezi, karanga, na kibuyu cha maziwa ya mgando alichokipakata njia nzima kama mtoto. Mke wangu alimpenda sana. Walitaniana bila kuchoka. Mama alimwambia kwao wanakula nyoka wa majini, naye akajibu kwamba afadhali nyoka kuliko maziwa yanayotafunwa. Wakati huo sangara alikuwa amejaa ziwani na furu wanatoweka, mke wangu akilalamika kwamba haoni tena samaki wa utoto wake. Mama akasema sangara ni samaki wa ofisini, ananenepa kwa kula ndugu zake. Alinitazama mimi aliposema hivyo. Nilichukua sahani yangu nikaenda kumalizia kula chumbani.

Akimaliza kazi alikaa barazani kupepeta ulezi. Wanawake waliotoka kwenye foleni mikono mitupu walisimama kupumzika, na Mama hakuwa mtu wa kuwaacha wapumzike kimya. Ndani nilisikia sauti yake ikipanda, nikajua amefika kwenye koti. Halafu kicheko cha barabara nzima. Nilitoka mara mbili tatu nikamwambia jua kali, aingie. Hakuingia.

Siku moja mwenzangu wa ofisini, ambaye mkewe alikuwa akipita pale, alinyoosha miguu chini ya meza, akaniuliza mbele ya watu waliokuwa wakingoja vibali, "Karani, ni kweli baba yako ananyonyesha?"

Watu wote walicheka, hata wale waliokuwa wananiogopa. Nilirudi nyumbani kabla ya saa za kutoka. Mama alikuwa barazani na ungo magotini.

Nilimwambia hapa ni mjini, na hadithi ile asiisimulie tena katika nyumba yangu. Akauliza hadithi ipi. Nikamwambia ya koti.

"Hiyo siyo hadithi, baba," alisema. "Hiyo ni wewe."

"Kama ni mimi, basi simtaki."

Aliacha kupepeta. Nadhani alitafuta la kunijibu la kuchekesha, kwa sababu midomo yake ilianza kujipanga, kisha ikatulia. Mke wangu alitoka jikoni akasimama mlangoni na mwiko, akanitazama kama mtu anayemtazama mlevi. Usiku ule hakunipakulia. Mama aliniletea chakula yeye, akaweka mezani, akasema ofisi imenikausha mpaka masikio. Ilikuwa namna yake ya kusema yamekwisha. Kwangu hayakuwa yamekwisha. Tangu siku hiyo, akija, nilifunga mlango wa barazani na kumwambia kuna vumbi. Alipepeta uani, peke yake, na mara nyingine nilimsikia akiwasimulia kuku.

Ndipo ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa. Maduka yakajaa, mitumba ikamwagwa sokoni, sabuni za kila rangi zikapangwa mpaka nje, na mtu mwenye muhuri hakusalimiwa tena na yeyote. Ofisini tulikaa tukitazamana. Nilipaswa kujifunza kitu kutokana na hilo. Badala yake nilizidi kuwa mkali, kwa sababu heshima ndiyo pekee niliyokuwa nayo na niliiona inapungua.

Wakati huo binti yangu wa kwanza alikuwa anafundisha shule ya msingi Bunda. Mama alimwita "mke wangu", kama babu wote wanavyowaita wajukuu zao wa kike, maana katika nyumba yetu babu alikuwa yeye. Binti alipoleta habari kwamba kijana wa Guta, hapo hapo Bunda, mwalimu mwenzake, anataka kumposa, Mama alikuwa hapo. Akajishika kifua. Akasema ameibiwa mke mchana kweupe, na huyo mwizi aje amwone.

Hapa lazima nieleze tena. Kwetu, siku ya posa, babu wa binti ndiye anayekalia kiti. Wageni wakishasema shida yao, yeye anakataa. Anasema huyo ni mke wangu, mkimchukua nani atanipikia uji. Wageni wanambembeleza, wanampa blanketi, watu wanacheka, na baada ya hapo ndipo mazungumzo yanaanza. Bila babu kukataa, posa inakuwa kama imeingilia dirishani. Mama alikuwa akiutengeneza mzaha wake wa siku hiyo tangu binti yangu alipoanza kutembea. Aliujaribu kwa majirani, akaubadilisha, akauongezea. Alikuwa amekaa kiti cha nyuma maisha yake yote mbele ya shemeji zake, na siku hii moja hakuna aliyeweza kumnyang'anya. Nilijua hivyo. Naomba msomaji asidhani sikujua.

Lakini baba wa kijana alikuwa mzee wa kanisa, mkulima wa pamba mwenye kusikilizwa kule Guta. Nilijiambia kwamba watu wa aina hiyo wakisikia binti ametoka nyumba iliyoanzishwa na mwanamke kwa mwanamke, watageuza njiani. Kwa hiyo nikasema posa itafanyika Mukendo, sio Butiama. Mama akauliza tangu lini babu anafuatwa mjini. Nikamjibu kwamba wageni watachoka. Akasema sawa, atakuja.

Alikuja siku hiyohiyo ya wageni, Jumamosi mchana, na kifurushi. Nilikuwa sebuleni nikipanga vitambaa vya makochi. Wageni wakafika, wanaume watatu na shangazi wa kijana, wakakaa, wakapewa pole za safari. Nikaenda ndani kumwita mke wangu. Kwenye korido nikakutana na Mama, amevaa koti. Lile lile la kaki, limekuwa jeupe mabegani, amelifunga vifungo vyote mpaka shingoni. Alikuwa amejinyoosha kama askari, na macho yake yalikuwa yameshaanza kucheka.

Nikamwambia kwa sauti ya chini avue lile koti.

"Babu avae nini?"

"Leo hakuna babu."

Alidhani nataniana naye, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Alitabasamu kabisa. Nikashika kola ya koti.

"Mama, hawa ni watu wa kanisa. Utaniharibia binti."

"Na mimi nimemuua nani?" alisema. Kisha, taratibu: "Baba, nimekuja kukaa kitini. Nikishakaa nitanyamaza. Sitasema la ndevu."

Hiyo ndiyo sentensi inayonirudia. Alikuwa tayari kuuacha mzaha alioubeba miaka ishirini, ilimradi akae tu. Mimi nikafungua kifungo cha juu kwa mkono wangu. Vingine akavifungua mwenyewe. Akalikunja koti, akaliweka juu ya gunia la ulezi alilotuletea, akajifunga kitenge. Mke wangu aliona yote akiwa kwenye mlango wa jikoni. Aliniambia, "Usimfanyie hivyo, baba watoto." Nikampita.

Chakula kilipokuwa tayari, aliyeingia sebuleni na birika na beseni ya kunawia alikuwa Mama. Sikumtuma. Nadhani alitaka kuwaona tu hao watu. Alianza kwa baba wa kijana, kama inavyostahili. Yule mzee alinyoosha mikono, akamwamkia shikamoo, kisha akanigeukia mimi.

"Mzazi mwenzangu, huyu mama ni nani kwetu?"

Maji yalikuwa yanatiririka juu ya vidole vyake. Nikasema, "Ni mama mmoja wa kijijini kwetu. Anatusaidia kazi za nyumbani."

Mama aliendelea kumwaga maji. Tulikuwa tukizungumza Kiswahili kwa ajili ya wageni, na Kiswahili cha Mama kilikuwa kidogo, cha sokoni na cha lori. Nilijiambia labda hakuelewa. Aliinua birika, akasema kwa Kiswahili, polepole, kila neno likisimama peke yake:

"Ndiyo. Mimi msaidizi. Karibuni chakula."

Mzee wa Guta hakuchukua taulo. Alikaa na mikono yenye maji ikichuruzika magotini, ananitazama, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kumalizia sentensi. Sikumalizia. Baadaye walitoa blanketi, wakasema hili ni la mwenye nyumba. Nikasema mwenye nyumba alishafariki, kwa homa, nikiwa darasa la sita, apewe mama watoto. Mke wangu hakunyoosha mkono. Blanketi lilibaki juu ya kochi mpaka wageni walipoondoka, na wakaondoka nalo. Mambo mengine yote tulikubaliana haraka, bila kicheko hata kimoja, kama watu wanaouziana baiskeli.

Mama aliondoka kesho yake kabla ya chai. Gunia aliliacha. Koti alilichukua.

Ng'ombe hawawezi kupelekwa Mukendo. Siku yao ilipofika ilibidi waende Butiama, kwenye boma, na mimi nilitangulia. Mama alinipokea vizuri. Alinitolea kiti, akakipangusa kwa upindo wa kitenge, akanisalimu kwa Kiswahili: habari za Musoma, habari za kazi. Nilidhani anafanya hivyo kwa sababu watu wa Guta wako njiani na anajizoesha.

Ng'ombe wakaja, na baba wa kijana mbele yao, na vijana wawili wakiwaswaga. Wazee wa ukoo wetu walikuwa wamekaa upande. Mama alisimama kwenye lango la zizi, miti ikiwa bado imefungwa. Nikamwambia afungue. Hakunijibu mimi. Aliwaambia wageni, kwa Kiswahili kile kile cha polepole:

"Mimi msaidizi wa kazi. Msaidizi hapokei ng'ombe. Baba yake huyu yuko pale, mpelekeeni yeye."

Akaonyesha kaburi la marehemu, kando ya minyaa.

Watoto waliokuwa juu ya ua walicheka. Wazee hawakucheka. Mmoja wao alinigeukia akaniuliza kwa lugha ya kwetu nimemwambia nini mama huyu, na nilipogeukia ng'ombe alitema mate chini, karibu na kiatu changu. Ng'ombe walianza kutawanyika kuelekea mtama wa jirani. Nikamwambia Mama ananiaibisha. Yule mzee wa Guta akaingilia kati, na hakuinua sauti.

"Mzazi mwenzangu, unadhani Bunda ni mbali? Tulijua nyumba yenu kabla hatujaja Mukendo. Hata kwa mjomba wangu iko nyumba kama hii. Tulikaa sebuleni kwako tunasubiri useme tu, huyu ndiye babu, tucheke, tutoe blanketi. Ukatuambia ni mtumishi. Mtu akinidanganya kuhusu mama yake huku ananiangalia, nitamwamini kuhusu binti yake?"

Alisema alitaka kuvunja posa, na mwanawe ndiye aliyemsihi. Kisha akanipa mgongo. Akavua kofia, akamwendea Mama, akainama kidogo kama anavyoinamiwa mwanamume mkubwa.

"Mzee," alimwambia Mama, "tumeleta ng'ombe. Tumekuibia mke, tunaomba radhi."

Mama akaingia ndani, akatoka amevaa koti. Alisimama langoni akauliza sasa yeye uji atapikiwa na nani, na hawa watu wa Guta wanaoiba wake za wazee, kwao hawana wasichana? Mzee akasema wapo, ila wanaogopa ndevu zake. Mama akajibu ndevu zake ziko mtoni. Sijui kama alijua maana ya kicheko kilichofuata, maana habari za koti zilikuwa zimeshafika mpaka Guta na walikuwa wakizisubiri. Walimfunika blanketi juu ya koti. Akafungua miti ya zizi mwenyewe, ng'ombe wakaingia mmoja mmoja, akimpa kila mmoja jina la shemeji yake. Wazee wetu walilia kwa kucheka. Mimi nilikuwa nje ya ua na fimbo mkononi, nikiwazuia waliokuwa wanaelekea mtamani. Hakuna aliyeniita.

Harusi ilifungwa Bunda. Mama alifika kwenye gari la upande wa kijana, amekaa mbele karibu na dereva, na kanisani alikaa na wao. Binti yangu alipotoka alikwenda kwanza kwake, akapiga goti. Kwangu alikuja baadaye, akanipa mkono.

Mama aliishi miaka mingine minane. Nilikwenda Butiama mara nyingi katika miaka hiyo, hasa baada ya kupunguzwa kazi, nilipokuwa sina pa kwenda asubuhi. Kila nikifika nilimsikia kutoka njiani akiwachekesha watu, na nikiingia langoni sauti ilikatika. Alinitolea kiti. Alinipangusia. "Karibu, mzee. Habari za Musoma? Habari za kazini?" Alijua fika kwamba sina kazi. Hakunitania tena hata mara moja, wala masikio, wala kalamu, wala chochote. Na hakuzungumza nami tena kwa lugha ya kwetu. Kwa wengine wote, lugha ya kwetu na mzaha. Kwangu, Kiswahili, kile alichokitumia kwa karani wa kodi na bwana shamba.

Niliomba msamaha. Nilimwomba kwa lugha ya kwetu, nikiwa nimepiga magoti, mtu mwenye mvi. Akasema kwa Kiswahili, "Usijali, mzee. Hakuna neno." Akaniongezea chai.

Mke wangu aliniambia ningojee. Nilingoja. Mama alipougua, binti yangu alihamia kule kumuuguza, nami nikaenda. Alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, koti limetandikwa miguuni. Nilikaa karibu na kichwa chake. Nikaanza ile hadithi yake ya koti, kwa lugha ya kwetu, kama alivyokuwa akiianza yeye. Nilisema, mkwe akamtazama juu mpaka chini, akauliza, huyu bwana harusi mbona hana ndevu?

Nikangoja ajibu. Lilikuwa jibu la maneno machache tu, na alikuwa amelisema maelfu ya mara kwa wachuuzi, kwa mapadri, kwa kuku. Alitazama paa. Binti yangu, aliyekuwa mlangoni, aliziba mdomo kwa kanga, na sikujua anazuia kicheko au kilio. Mama akamgeukia, akamnong'oneza kitu kwa lugha ya kwetu ambacho sikukisikia, na binti akacheka, akatoka kwenda kuniletea chai.

Niliinywa yote. Jua lilipoanza kushuka nilisimama nikasema naenda, gari litaniacha. Mama alitoa mkono chini ya shuka, akanipa, mkono mkavu na mwepesi, akanitazama kwa adabu sana.

"Asante kwa kuja, mzee," alisema. "Karibu tena."